Mteja amezidiwa na ndoto mbaya baada ya kikao cha kusimulia tukio: nipunguze muda wa kusimulia?

Mshumaa_Mdogo
Habari za kazi wakuu. Mteja ana kiwewe cha ajali ya gari, yuko kwenye tiba ya kukabili kumbukumbu. Kikao cha 3 ndipo alipoanza kusimulia tukio lenyewe. Wiki hii ndoto za kutisha zimeongezeka, sasa anaomba asimulie dakika 10 tu. Nimkubalie, au nimhamishie EMDR (tiba ya kiwewe inayotumia kusogeza macho)?

Jiwe_na_Ua
Hizo dakika 10 ndizo zitakazomharibia. Hofu itakuwa bado inapanda. Ukimkatisha hapo, anaondoka ameamini kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa. Kwenye kikao cha dakika 90, tenga 30 hadi 45 za kusimulia. Afumbe macho, aseme kana kwamba linatokea sasa: "naona taa, nakanyaga breki". Akimaliza, aanze tena bila kupumzika. Kila dakika 5 muulize namba ya dhiki, 0 (shwari) hadi 100 (kali kabisa), ajibu namba tu. Usianzishe maongezi katikati. Bakiza dakika 15 au 20 za kuzungumzia yaliyojitokeza.

Ndoto kuongezeka mwanzoni huwapata baadhi ya wateja na kwa kawaida hupungua. Ilitakiwa aambiwe kabla ya kuanza. Na ile rekodi ya sauti ya simulizi yake kikaoni, anaisikilizaje nyumbani? Wapo wanaoisikiliza huku wanaosha vyombo, halafu tunashangaa mbona haifanyi kazi.

Fundi_Pumzi
Sawa, ila usimsukume bila kumtazama. Namba ikiganda kwenye 20, kuna mawili. Huenda anaruka vipande. Huyo muulize harufu, sauti, mikono yake iko wapi. Lakini akiduwaa na kuchelewa kuitika, huyo hayupo tena chumbani. Afumbue macho, akandamize nyayo sakafuni, ataje vitu anavyoviona, kisha aendelee kwa "niliona, nilisikia", polepole. Na akitaja mpango wa kujiua, simulizi inasimama siku hiyo hiyo. Usalama wake kwanza.

Mshumaa_Mdogo
Anaruka. Kila akifika kwa abiria wa pembeni yake anasema "basi, ikawa hivyo".

Jiwe_na_Ua
Umeshapapata. Mwache kwanza asimulie yote vikao viwili vitatu, kisha mchukue kipande hicho peke yake, akirudie hicho tu mpaka kianze kupoa.

Fundi_Pumzi
Sikiliza pia kama ni hofu au hatia. "Ningekanyaga breki mapema asingekufa" haiyeyuki kwa kurudiarudia peke yake. Muulize: sekunde ile ulikuwa unajua nini? Kati ya kuona hatari na gari kusimama palikuwa na umbali gani? Usimwambie "si kosa lako", atakuitikia kwa adabu tu. Kama hatia ndiyo iliyotawala, tiba ya kuchambua fikra, vikao 12 hivi, inamfaa, na haimlazimu kusimulia tukio kwa undani.

EMDR ni tiba nzuri, hasa kwa asiyeweza kusema mengi: anashika picha akilini huku macho yakifuata vidole kwa nusu dakika hivi, anataja kilichokuja, mnaendelea. Lakini yule abiria atamkuta huko pia. Kuhama baada ya kikao kimoja cha kusimulia ni kukwepa kwa jina jingine, na safari hii anayekwepa anaweza kuwa mtaalamu.