Naomba ushauri: kodi ya hitilafu ya gari P0171 inafutwa inarudi

Wakuu habarini, niko Kigoma mjini, gari yangu ya cc 1490 taa ya cheki enjini inawaka wiki ya pili sasa, fundi kapima na mashine ikaleta P0171 yaani hewa nyingi mafuta kidogo, akafuta akabadili plagi zote 4, nimefika Kidahwe tu taa hiyo tena. Ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyaga mafuta, inatetemeka kama inataka kuzima ila ukikanyaga mafuta inatulia.

Fundi anataka tubadili sensa ya oksijeni, mi naona sensa inatoa taarifa tu. Jana nikaukunja mpira wa hewa unaotoka kwa eya klina (chujio la hewa), kwenye mikunjo chini kuna ufa unaingia kucha. Nianze na huo mpira, nisafishe sensa ya hewa, au nipime presha ya pampu ya mafuta? Nisaidieni jamani, ndo gari inayompeleka mama kliniki.