Mdogo wangu ameumia uti wa mgongo, omuyunzi (mganga wa mifupa) anasema siku 40 atatembea. Tumpe hela?

Binti_Malaba
Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu ana miaka 24, alikuwa anaendesha boda hapa Malaba. Lori lilimbana kwenye foleni ya mpakani, akaangukia mgongo. Hospitali walisema pingili ya kiunoni imevunjika, kwenye karatasi wameandika L1. Alipasuliwa, akawekwa vyuma. Yapata miezi saba sasa, miguu haina nguvu na mkojo anatolewa kwa mpira. Ila wiki mbili zilizopita kidole gumba cha mguu wa kulia kilicheza. Nimekiona kwa macho yangu.

Shangazi kaleta omuyunzi kutoka Iganga. Anataka milioni mbili na nusu: dawa ya kunywa, ya kupaka, na kukandwa kwa majani ya moto siku 40. Ameacha chupa moja ya kuanzia, ile ya maji ya lita moja na nusu, ndani kitu rangi ya chai ya rangi. Mama yuko tayari kuuza ng'ombe. Nimesoma habari za sindano za Kichina (zile za kuchomwa mwilini bila dawa), manjano, seli shina (seli za kupandikizwa), mpaka kichwa kinaniuma. Nani amepitia haya? Msiniambie "omba Mungu" tu, tunaomba kila siku.

Dawa_Asilia256
Pole dada. Tuna dawa ya kuzibua mishipa ya fahamu, haina madhara, wengi wamesimama. Njoo inbox.

Magurudumu_Kasese
Inbox usiende. Mimi niko kwenye kiti mwaka wa tisa. Omuyunzi wangu alinikanda kwa majani yaliyotoka chunguni muda huohuo. Sikusikia kitu, kwa hiyo sikupiga kelele. Jioni mke wangu kunivua soksi, ngozi ya kisigino ikatoka nayo. Kile kidonda kilinila miezi mitano na mbuzi wote.

Siwachukii bayunzi, hao waganga wa mifupa. Mwanangu alivunjika mkono, mmoja akaunyoosha, leo anacheza mpira. Lakini mfupa ni mfupa, neva, yaani mishipa ya fahamu, ni kitu kingine. Kama lazima akandwe, iwe mafuta ya kawaida na mkono mkavu, na maji yapimwe kwanza kwa kiwiko cha mtu anayesikia.

Nesi_Mstaafu
Binti yangu, nina swali la aibu kidogo lakini ndilo kubwa. Daktari alipompima, aliingiza kidole njia ya haja kubwa akamuuliza kama anasikia, na kumwambia akaze? Ndugu wengi hudhani ni kumdhalilisha mgonjwa. Hapana. Akisikia pale, au akiweza kukaza, jeraha si la kukatika kabisa, na matumaini yake ni mengine.

Halafu, L1 ni mahali pa pekee. Uti wenyewe, ile kamba ya neva ndani ya mifupa, kwa watu wazima huishia karibu na hapo, chini yake inashuka mizizi ya neva kama mkia wa farasi. Uti ukiumia hauoti tena kwa urahisi, lakini hiyo mizizi huweza kuota, kama milimita moja kwa siku. Sasa piga hesabu: kutoka kiunoni hadi kidole ni kama mita moja, siku elfu nzima! Kwa hiyo kidole kilichocheza kwenye mwezi wa saba huenda ni neva iliyochubuka tu, imeamka. Iliamka kabla ya huyo bwana kufika. Mwaka wa kwanza ndio mwili hujirudishia sehemu kubwa ya kinachorudi, na kila muuza dawa anayepita kipindi hicho huokota sifa isiyo yake.

Dawa ya kunywa isiyojulikana ina nini, mimi ningeikataa. Figo za mtu wa mpira wa mkojo zina kazi ya kutosha. Je, usiku anageuzwa kila baada ya saa mbili, asipate vidonda?

Mwanafunzi_Jinja
Niongeze kuhusu ulivyosoma. Manjano yameonyesha dalili nzuri kwa panya wa maabara. Panya. Weka kwenye mchuzi, usiuze ng'ombe kwa ajili yake. Sindano za Kichina zina tafiti nyingi ila nyingi ni dhaifu. Kwa maumivu ya neva wengine hupata nafuu, kutembea ni hadithi nyingine. Seli shina za kulipia kaa mbali: mwaka 2014 madaktari waliripoti mwanamke aliyepandikizwa seli za pua kwenye uti, miaka 8 baadaye akakutwa na uvimbe mgongoni unaotoa kamasi. Kinachosisimua kweli ni vifaa vya umeme juu ya uti. Mwaka 2018 timu za Marekani na Uswisi ziliripoti watu waliopooza wakipiga hatua, lakini nao walifanya mazoezi kwa miezi na miezi.

Miti shamba si uchawi, hata serikali ina taasisi ya kuichunguza pale Wandegeya, Kampala. Mwulize omuyunzi kama yuko tayari chupa yake ipimwe, umtazame usoni.

Magurudumu_Kasese
Hahaa, hapo atapata safari ya ghafla.

Nesi_Mstaafu
Hela ya ng'ombe mmoja ifikisheni hospitali ya CoRSU, Kisubi, barabara ya Entebbe, au fiziotherapia (tiba ya mazoezi ya viungo) ya hospitali ya Mulago. Na shangazi msimfukuze, banange. Mpeni kazi: kumgeuza, kukagua visigino na makalio kila asubuhi, kumnyoosha miguu. Alileta omuyunzi kwa sababu hakuna aliyempa la kufanya.

Binti_Malaba
Asanteni sana. Nimemuuliza, anasema daktari alifanya hivyo na alisikia, ila aliona haya kutuambia. Jumatatu tunaenda Kisubi. Mama amekubali ng'ombe mmoja, yule mwekundu abaki.

Leo kidole kimecheza mara tatu. Shangazi anashangilia, anasema ni ile dawa. Chupa iko juu ya kabati, kizibo hakijafunguliwa.