Mfarishi wa vitenge kwa baridi ya Marangu: ndani niweke sufi, faiba au blanketi?

Uzi Mwekundu (Moshi)
Wanajamvi, shikamooni wakubwa. Nimekusanya kiroba kizima cha vipande vya vitenge kwa mafundi wa hapa mjini, nataka kumshonea bibi mfarishi, lile shuka nene la kujifunika lenye kijazo katikati. Yuko Marangu, na baridi ya kule mwezi wa sita na wa saba mnaijua. Juu nimeshaanza kuunganisha. Kinachonikwamisha ni cha katikati: sufi ya mti wa msufi ninayo nyumbani, faiba (pamba ya plastiki) ya kupima kwa mita ipo madukani, na soko la Memorial hapa Moshi kuna mablanketi ya mtumba. Kipi kitampa joto bila kumlemea?

Shangazi wa Sakina (Arusha)
Marahaba mwanangu. Sufi iachie mito. Niliwahi kushona mfarishi wa sufi, mwepesi na wenye joto kweli. Nilipoufua, sufi yote ikakimbilia pembeni ikafanya mabonge, katikati kikabaki kitambaa juu ya kitambaa. Nyuzi zake ni fupi na zinateleza, hazishikani. Iliniuma sana.

Cherehani Nyeusi (Arusha)
Natetea faiba. Nyepesi, hainywi maji, hata siku ya mawingu inakauka upesi. Ila piga mistari ya kuishikilia kila baada ya inchi 3 au 4, la sivyo inavutika na kukatikia ndani. Na ikishika moto inayeyuka. Bibi anaota moto jikoni?

Uzi Mwekundu
Kila jioni, na kile anachojifunika kinakuwa begani.

Fundi Majengo (Moshi)
Basi faiba hapana, dada. Mtafutie blanketi jembamba la sufu, yaani manyoya ya kondoo, au la pamba. Lile laini lenye manyoya manyoya mara nyingi ni plastiki ileile. Chomoa uzi mmoja uuchome kwa kiberiti: ukinuka nywele ni sufu, ukinuka karatasi ni pamba, ukijikunja kuwa shanga ngumu liache.

Ukilipata, lifue kwanza lirudi lote. Vitenge navyo vifue, hasa vyekundu na vya buluu, mpaka maji yatoke meupe. Kisha tandika matabaka matatu sakafuni, piga bandi (mishono mirefu ya muda ya mkono) kuanzia katikati kwenda nje, na cherehani ifuate njia hiyohiyo. Sindano namba 16, mshono mrefu kidogo, legeza skrubu ya juu ya mguu wa cherehani ili kitambaa cha juu kisisukumwe. Blanketi halikimbii kama sufi, kwa hiyo mistari ya shubiri moja moja inatosha.

Shangazi wa Sakina
Nakubali, lakini blanketi likilowa ni zito. Kikongwe asiachiwe kulikamua peke yake.

Uzi Mwekundu
Nitaufua mwenyewe nikipanda kumsalimia. Leo nimepata blanketi jembamba Memorial, uzi umenuka nywele. Mgongoni mwa mfarishi niweke kitambaa gani?

Shangazi wa Sakina
Khanga, ni pamba na ni laini. Doti moja: zitenganishe, uziunganishe ubavu kwa ubavu, utapata kama mita 1.6 kwa 2.2. Moja igeuze, maandishi yake yakae upande wa kichwani, ili bibi akikunja ncha ya mfarishi ayaone. Chagua jina atakalopenda kulisoma kila asubuhi.