Tupeane uzoefu: mliokula vibichi tupu, vipimo vya damu vilisemaje?

Mama Parachichi: Habari za wikendi wakuu. Nimekula vibichi miaka minne: matunda, karanga za kulowekwa, karoti, mchicha. Jiko lilikuwa la watoto na baba yao. Mwaka wa kwanza nilitamba. LDL, ile kolesteroli mbaya, ilishuka kutoka 4.1 hadi 2.4, nikaipiga picha karatasi ya maabara nikaweka status.

Mwaka wa tatu vidole vya miguu vikaanza ganzi. FBP (kipimo kamili cha damu): HB, yaani wingi wa damu, 12.8, chembe nyekundu ukubwa wa kawaida. Nikaambiwa damu safi, labda viatu. Nikabadili viatu, kweli! Baada ya miezi nikaenda kwa daktari mwingine, akaniuliza swali moja: "Mayai unakula?" Vitamini B12 ikaja 118, wakati maabara ile inaanzia 200. Akanieleza kwamba mboga za majani zina foleti nyingi (vitamini nyingine ya kundi B), na foleti inaweza kuifanya damu ionekane nzima huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuumia kwa kukosa B12. Mimea haina B12 ya kutegemea, na ini huweka akiba ya miaka kadhaa, ndiyo maana mwanzoni sikuhisi kitu. Sasa nachomwa sindano. Ganzi imebaki vidole viwili.

Nani mwingine yamemkuta? Leteni na namba.

Wa Mombasa: Yangu ya kuchekesha. Juisi ya karoti glasi tatu kwa siku, na papai juu yake. Viganja vikawa kama nimeshika bizari. Wifi yangu akanililia, ati ini limekwisha. Bilirubini (ile rangi inayoleta manjano) na vipimo vya ini vyote sawa. Daktari wala hakushangaa, alinivuta kope tu akaona macho meupe. Ini likileta manjano hata macho hugeuka, mimi ni rangi ya karoti imekaa kwenye ngozi. Nilipunguza, ikaondoka polepole.

Vali ya Chuma: Mnaotumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, someni hapa. INR yangu, kipimo cha damu inavyochelewa kuganda, natakiwa niwe kati ya 2.5 na 3.5. Wiki tatu za sukuma wiki mbichi ya kusaga kila asubuhi, ikashuka hadi 1.6. Vitamini K ya majani mabichi inapingana na dawa. Nurse wa kliniki alinifokea kama mtoto wake, maana kwa vali ya chuma ya moyo kama yangu damu ikiganda ni kiharusi. Cha ajabu hawakuniambia niache mboga. Walisema nile kiasi kilekile kila siku, dozi ndiyo iifuate mboga.

Kabichi: Mimi eosinofili, aina ya chembe nyeupe za damu, zilipanda hadi 14%. Nikadhani aleji, kumbe minyoo. Kachumbari kila siku, na mboga nikiosha kwa maji ya ndoo moja.

Mdau wa Ujerumani: Huku wala vibichi wa miaka mingi walishapimwa, utafiti ulitoka 2005, watu 201. LDL na trigliseridi (mafuta ya kwenye damu) zao nzuri, lakini HDL, kolesteroli nzuri, ilikuwa chini kwa wengi, na asilimia 38 walikuwa na upungufu wa B12. Homosisteini, kemikali ya kwenye damu, nayo juu, maana hupanda B12 ikipungua. Mleta mada, hiyo ulipima?

Mama Parachichi: Niliulizia. Sampuli inasafirishwa, na bei nilipoisikia nikashukuru nikaondoka.

Sukari Tamu: Naomba kuuliza, mimi natumia metformin, dawa ya kisukari, na nimeanza vibichi mwezi huu. Sukari imeshuka vizuri.

Mama Parachichi: Dada, metformin yenyewe hupunguza B12. Mwambie daktari wako unachokula, akupime sasa hivi upate namba ya kuanzia. Na sukari ikishuka hivyo usijipangie dozi mwenyewe.

Kabichi: Kwa hiyo mama umerudi kwenye ugali?

Mama Parachichi: Mayai mawili na dagaa. Ugali bado tunaangaliana kwa mbali.