Nimeingizwa mjini na «duka la maua la mjini» ambalo mjini kwenyewe halipo

Wanajukwaa, salaam.

Ninaandika uzi huu nikiwa na hasira, ingawa nimejizuia kwa siku nne ili nisije nikaandika maneno ya kuyajutia. Mpwa wangu anasoma katika mji mdogo ambao, ukiondoa chuo, hauna mengi: wanafunzi, wahadhiri na watu wanaowahudumia. Ijumaa ya wiki iliyopita alikuwa anatetea tasnifu yake ya udaktari kuanzia saa nne asubuhi. Mimi niko mbali na sikuweza kufika, kwa hiyo nikaona nimtumie maua yamkute idarani saa saba mchana, akiwa ndiyo kwanza ametoka chumbani na wenzake bado wamemzunguka. Sikutaka makuu. Nilitaka waridi kumi na mbili za manjano, zenye kadi, zifike Ijumaa, zifike idarani. Hayo manne ndiyo niliyoyalipia, na hakuna hata moja lililotimia.

Duka lenyewe nililipata kama sote tunavyopata vitu siku hizi. Niliandika neno «maua» na jina la mji, na la kwanza kutokea likawa duka lililobeba jina la mji ule ule, lenye namba ya simu ya eneo lile na picha ya majengo ya matofali mekundu ambayo mtu yeyote angedhani ni ya chuo. Kwamba juu yake paliandikwa «tangazo» kwa herufi ndogo, hilo nimeliona baadaye. Ukurasa wa historia ulisema wanawahudumia wenyeji kwa upendo tangu zamani, lakini haukutaja mwaka, haukutaja mwenye duka, haukutaja mtaa. Hapo ndipo nilipaswa kushtuka. Mimi ambaye hata kiatu nakigeuza niangalie soli kabla ya kulipa, nilijaza fomu, nikalipa kila kitu pamoja na ada ya kufikisha na ada nyingine iliyoitwa ya huduma, nikalala nikiwa na amani.

Saa saba ya Ijumaa ikapita, saa nane ikapita. Saa tisa nikapiga ile namba. Akapokea kijana mwenye adabu nyingi, na swali lake la kwanza likawa: «Unapiga kuhusu mji upi, ndugu mteja?» Naomba mlirudie swali hilo polepole. Mtu anayejitangaza kuwa na duka katika mji wenye jina la duka lake ananiuliza ni mji upi. Nilipomtajia, nikasikia akibonyeza bonyeza, kisha akaniambia oda yangu «inashughulikiwa na mshirika wetu». Mshirika gani? Hilo, alisema, mfumo haumwonyeshi.

Kumbe nilikuwa nimemlipa dalali. Hana ndoo, hana mkasi, hana hata ua moja. Ana tovuti na kituo cha simu, na bila shaka majina ya miji mingine mingi midogo kama huo, kila mmoja ukiwa na «duka» lake. Anachukua fedha, anakata chake, kisha anaitupa oda kwa muuza maua halisi aliye karibu na mpokeaji, kwa kiasi kilichobaki.

Niseme jambo moja ili nisionekane napinga kila kitu. Kupitishiana oda si uovu. Wauza maua wa Marekani waliunda umoja wao mwaka 1910 wakawa wanatumiana oda kwa telegrafu, kwa sababu iliyo wazi kabisa: maua hunyauka njiani, maneno hayanyauki. Ulikwenda kwa muuza maua wa kwenu, unayemjua kwa sura, naye akamwandikia mwenzake wa mji mwingine. Mgawo uliozoeleka katika mitandao ya namna hiyo ni kwamba aliyepokea oda hubaki na takriban asilimia 20, wasimamizi wa mtandao huchukua asilimia 7 hivi, na kilichobaki humfikia anayetengeneza shada. Hilo halina kificho, na yule wa kwanza alikuwa na dukani kwake pa kumfuata yakiharibika. Huyu wangu aliongeza ada yake juu, akakata tena chini, na akajivika jina la mji asiokanyaga. Huko huko Marekani yapo majimbo ambayo sheria zake zinamkataza muuza maua kujitangaza kana kwamba yuko mjini ilhali hayupo, kwa hiyo hatuwezi kuambiwa kwamba ni kutoelewa kwa mteja tu.

Maua yalifika Jumatatu. Mpwa wangu ni mtoto mwenye heshima, aliniandikia tu: «Mjomba, yamefika, ahsante sana.» Nikamwomba picha. Alisita, na kule kusita kukanieleza yote kabla ya picha yenyewe kuingia. Boksi lilikuwa sakafuni chini ya visanduku vya barua vya bweni, si idarani, na lilikaa hapo tangu asubuhi hadi jioni alipolikuta. Nilikuza picha nikahesabu. Waridi tano. Tatu za manjano, mbili za rangi ya chungwa, na mojawapo shingo yake imeinama kabisa, kama inavyokuwa hewa au bakteria wakiziba mirija ya kupitisha maji ndani ya shina. Zilizobaki zilikuwa krisanthemumu nyeupe na majani mengi, majani ambayo kazi yake ilikuwa kuficha kilichokosekana. Na kadi, jamani, kadi! Mimi niliandika: «Hongera sana mpwa wangu, sasa wewe ni Daktari, mama yako angefurahi.» Fomu yao iliyapokea maneno yote bila kulalamika. Kadi iliyochapwa ilisomeka: «Hongera sana mpwa wangu, sasa wewe ni Dak». Basi. Mashine ilihesabu herufi zake ikachoka hapo. Dada yangu ametangulia mbele ya haki miaka mitatu iliyopita, na sentensi iliyokatwa ndiyo pekee niliyotaka ifike.

Jumanne nilimpigia katibu wa idara, akanipa namba ya mama mmoja ambaye ndiye muuza maua pekee wa mji ule. Nilimpigia nikiwa nimejiandaa kugomba, nikaishia kumwomba radhi. Aliniambia hivi: «Kaka, hiyo oda niliikataa Ijumaa. Fedha walizoniletea hazikutosha hata nusu ya waridi zilizo kwenye ile picha yao. Wakairudisha Jumatatu na nyongeza kidogo, wakaniambia jaza na chochote, anwani ni bweni.» Kwa hiyo kati ya Ijumaa na Jumatatu maua yangu hayakuwapo popote duniani. Ilikuwa ni oda inayozungushwa, ikitafuta mtu wa kuikubali kwa hasara. Akaongeza kwamba wateja wakikasirika huja kumtolea maneno yeye, kwa kuwa yeye ndiye mwenye mlango unaoonekana.

Na hapa ndipo ninapotaka wenye maduka ya kweli na wanunuzi wenzangu tuelewane. Katika mji wa chuo, ujuzi wa mahali ni nusu ya kazi. Mama yule anajua kwamba mpeleka mzigo haruhusiwi kupanda vyumbani, kwamba ofisi ya barua ya chuo hufungwa mwisho wa wiki, kwamba ukiandika jina la jengo bila ghorofa mzigo utalala kwa mlinzi, na kwamba wiki ya mahafali oda lazima iingie mapema kwa sababu mji mzima unataka maua asubuhi moja. Angeniuliza maswali mawili tu na mambo yangenyooka. Fomu ya dalali haikuuliza kitu. Ilikuwa na orodha ya kuchagua aina ya mahali, haikuwa na neno «idara», na nadhani ndivyo mpwa wangu alivyohamishiwa bwenini.

Kuhusu malalamiko yangu, nimepigwa danadana ambayo sijawahi kuiona. Barua yao ya kwanza ilininukuulia kifungu kinachowaruhusu kuweka «mbadala wenye thamani sawa au zaidi». Nikawauliza ni kwa hesabu gani waridi tano na majani huwa sawa na waridi kumi na mbili. Barua ya pili ikadai picha, nikaipeleka. Ya tatu ikaniambia malalamiko hupokelewa ndani ya saa 24 baada ya maua kufikishwa, nami nimechelewa. Nikawaonyesha kwamba niliandika Jumatatu ile ile jioni. Wakajibu kwamba saa hizo zinahesabiwa tangu tarehe ya kufikishwa iliyoandikwa kwenye oda, yaani Ijumaa. Kwa maneno mengine, muda wangu wa kulalamikia maua ulikwisha kabla maua hayajakatwa. Mwisho wakanipa kuponi ya punguzo la asilimia 15 nikinunua kwao tena.

Sitaki kuponi. Ninadai kurejeshewa fedha zote pamoja na hizo ada mbili, kwa kuwa hakuna huduma iliyotolewa wala kilichofikishwa kwa wakati. Risiti, picha, kadi na barua zao zote nimeziwasilisha benki jana pamoja na ombi la kuupinga muamala. Jina lao silitaji hapa hadi benki itoe jibu.

Wakati huo huo, Jumatano niliagiza moja kwa moja kwa yule mama, kwa kiasi kile kile nilichomlipa dalali. Aliniuliza ghorofa ya ngapi, mpwa wangu hutoka saa ngapi, na kama kuna paka nyumbani anakoishi, kwa sababu yungiyungi alizokuwa anataka kuniongezea ni sumu kwa paka. Saa mbili baadaye nikapokea picha: waridi kumi na mbili, zote za manjano, mezani idarani. Kadi aliiandika kwa mkono, na maneno yote yalienea.

Ninachowauliza waliowahi kupambana na madalali wa namna hii ni kimoja: je, benki zenu zilikubali hoja ya kwamba muuzaji alijitangaza kuwa mahali asipokuwepo, au zilitazama tarehe ya kufika peke yake? Nahitaji jibu kabla ya Jumatatu, maana wameniomba maelezo ya ziada kwa maandishi.