Mjadala: Sanaa ya amani inawaunganisha kweli vijana wa tamaduni tofauti, au tunapamba kuta?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Naleta swali ambalo watu wengi hulipita kwa heshima tu, maana yakishatajwa maneno "amani" na "watoto" hakuna anayetaka kuonekana anapinga. Miradi ya kuwakutanisha vijana wa mataifa na tamaduni tofauti kwa michoro, muziki na maigizo ya amani, inastahili fedha na muda inaopewa?

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Inastahili, tena sana, ila pale tu vijana wanapofanya kazi moja kwa mikono yao wote, na wanaporuhusiwa kuuchora ugomvi wenyewe. Mradi unaowaambia wachore njiwa na mikono iliyoshikana, kisha picha zikasafirishwa na kutundikwa, haujamuunganisha yeyote.

Chukueni Kids' Guernica, mradi ulioanzia Japani mwaka 1995. Vijana hupewa turubai la mita 3.5 kwa 7.8, kipimo cha mchoro wa msanii Pablo Picasso wa mwaka 1937 kuhusu kulipuliwa kwa mji wa Guernica, Hispania. Turubai la ukubwa huo halienei mezani. Likitandazwa sakafuni, inabidi mtoto avue viatu na kupanda juu yake. Anayechora mti upande mmoja anagundua kwamba kwa mwenzake aliye mkabala mti umesimama kichwa chini. Lazima wakubaliane juu ni wapi, anga liishie wapi, nani apewe katikati, na kama nyumba inayoungua ibaki au ipakwe rangi nyeupe. Mimi naona mabishano hayo ndiyo mradi wenyewe. Picha inabaki kuwa ushahidi kwamba walibishana wakafika mahali.

Linganisheni na mashindano ya mabango ya amani ya Lions, chama cha kimataifa cha kujitolea, yaliyoanza mwaka 1988, kwa watoto wa miaka 11 hadi 13. Nayaheshimu, yamewafanya watoto wengi waifikirie amani. Lakini mashindano ni mashindano. Kila mtoto yuko peke yake na karatasi yake, na mtoto wa nchi nyingine ni mshindani wake.

Gordon Allport, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika tangu mwaka 1954 kwamba makundi mawili kukutana tu hakutoshi. Yanahitaji hadhi sawa ndani ya shughuli, lengo moja, kushirikiana, na kuungwa mkono na wenye mamlaka. Mwaka 2006 Thomas Pettigrew na Linda Tropp walichambua tafiti zaidi ya 500 wakaona kwamba kukutana kwa kawaida hupunguza chuki, na masharti hayo yakiwepo huipunguza zaidi. Sasa pimeni miradi mnayoijua kwa masharti hayo. Mingapi inapita?

Mchangiaji wa kwanza

Napinga, mkuu, na sipingi kwa kuwa siipendi sanaa. Mwaka 2009 Tamar Saguy na wenzake walichapisha utafiti ambao kila mwandaaji wa miradi hii angepaswa kuusoma. Walichukua kundi lenye nguvu ya kugawa na kundi dhaifu la kugawiwa. Walioelekezwa kuzungumza yanayowafananisha walitoka wakipendana. Wale wa kundi dhaifu wakatarajia kutendewa haki wakati wa kugawana, na hawakutendewa walivyotarajia. Upendo ulipanda, mgawanyo ukabaki vilevile.

Kijana ambaye ardhi ya kwao imechukuliwa anawekwa siku kadhaa na kijana ambaye wazazi wake ndio wanaoikalia. Wanapaka rangi, wanakumbatiana, wanapigwa picha, kila mmoja anarudi kwao. Nani ameondoka na kitu? Mmoja ameondoka na dhamiri iliyotulia, mwingine na fulana. Funika kombe mwanaharamu apite.

Na hilo sharti lako la kuuchora ugomvi ni zuri kwenye maandishi tu. Anayelipia rangi ndiye anayeamua kipi kitundikwe na kipi kikunjwe kiwekwe stoo.

Mchangiaji wa pili

Mimi siko upande wenu wote wawili. Mleta mada umezishusha mno kazi zinazotumwa kutoka mbali. Sadako Sasaki alikuwa na miaka 2 bomu lilipoangushwa Hiroshima. Akafa kwa saratani ya damu mwaka 1955, akiwa na miaka 12, baada ya kukunja korongo wengi wa karatasi akiomba apone. Wanafunzi wenzake ndio walioanzisha mchango, shule za kila upande wa Japani zikachangia, na mnara wa watoto ukazinduliwa mwaka 1958. Leo jiji hilo hupokea korongo wa karatasi wapatao milioni 10 kwa mwaka.

Mtoto anayekunja korongo huyo huenda hajawahi kumwona Mjapani. Lakini amekaa na karatasi ya mraba, kunjo moja baada ya jingine, huku akimfikiria mtoto mwenzake aliyekufa kwa vita vya watu wazima. Msiniambie hilo ni pambo.

Mleta mada

Ndugu wa pili, sikuambii hivyo. Korongo wale ni maombolezo ya kweli. Ila kuomboleza na kuunganishwa ni mambo mawili. Sadako hawezi kumjibu anayemtumia korongo. Kijana aliye hai upande wa pili wa mpaka anaweza, na pengine jibu lake halitapendeza. Mradi unaodai kuunganisha lazima uwe na nafasi ya jibu hilo.

Mkuu wa kwanza, hoja yako ndiyo nzito kuliko zote humu, nami sitaki kuikwepa. Lakini watu wa utafiti ule ni walioelekezwa kuzungumza yanayowafananisha. Hilo hasa ndilo ninalolikataa.

Mwaka 1999, mjini Weimar, Ujerumani, mwongozaji wa muziki Daniel Barenboim na mwandishi Edward Said walianzisha West-Eastern Divan, okestra ya vijana wa Israeli, Wapalestina na wengine wa nchi za Kiarabu. Barenboim amesisitiza kwamba si okestra ya amani, ni mradi wa kupambana na ujinga wa kutomjua mwenzako. Katika okestra wapiga fidla hukaa wawili wawili mbele ya kishikio kimoja cha noti. Mmoja akigeuza ukurasa, mwenzake anaendelea kupiga, na pinde zao lazima zipande na kushuka pamoja. Humo ndani hakuna mwenye nguvu na dhaifu. Nje ya mazoezi, siasa ilizungumzwa waziwazi, na Said mwenyewe ndiye aliyeongoza mazungumzo. Huyu ni Mpalestina aliyeandika miaka mingi juu ya watu wake kunyang'anywa nchi, na hakuona kwamba kukaa na Waisraeli kunamlazimisha anyamaze. Okestra ile haijasimamisha vita, na sidai hivyo.

Kuna jambo jingine. Juliana Schroeder na Jane Risen waliwafuatilia vijana wa Israeli na Palestina waliokutana kambini Maine, Marekani. Mwenye rafiki wa karibu hata mmoja wa upande wa pili ndiye aliyeelekea zaidi kubadili mtazamo. Kumbe kitu cha kulinda ni urafiki huo baada ya ndege kuondoka, wakati ambapo bajeti za miradi mingi zimeshakwisha.

Kuhusu anayelipia rangi, uko sahihi kabisa. Kwa hiyo iandikwe kwenye mkataba kabla brashi haijashikwa: hakuna kazi itakayoondolewa ukutani bila ridhaa ya walioichora, na fedha za kuwakutanisha tena mwaka unaofuata zitengwe sasa. Mfadhili asiyetaka kusaini hayo abaki na fedha zake.

Lakini akisaini, mkuu, na vijana wa upande ulionyang'anywa wakasema wenyewe kwamba wanataka kwenda, wewe ungewazuia? Nasubiri jibu lako. Na wengine karibuni, hasa mliowahi kusimamia miradi ya aina hii.