Zamu za kwa Bibi: kikundi cha shina letu

Mjumbe wa Shina: Habari za jioni ndugu. Kuanzia Jumatatu tunampokea Mama Rehema zamu za kumuuguza Bibi, mwenye demensia (ugonjwa wa ubongo wa kusahau na kuchanganyikiwa), kama tulivyokubaliana. Nesi, tupe utaratibu.

Mama Zuhura: Mimi Jumanne na Alhamisi, saa nane mchana.

Nesi: Shikamooni wakubwa. Zamu iwe masaa matatu kamili, siyo kupita kusalimia. Mama Rehema anatakiwa alale au aende sokoni bila kukimbizana na saa. Na watu wawe wanne watano tu, siku zilezile. Tukipokezana ishirini, Bibi ataona nyumba imejaa wageni na ataogopa.

Nesi: Ukifika, mwendee kwa mbele, mwamkie, ujitaje: "Shikamoo Bibi, mimi Mama Zuhura, jirani." Usimtahini kwa "unanikumbuka?", linamwaibisha. Uliza swali moja, kisha hesabu mpaka kumi kimoyomoyo. Ukiliuliza tena kwa maneno mengine, anaanza upya kulitafakari.

Baba Salim: Akisema anataka kwenda kwa mama yake? Mama yake marehemu siku nyingi.

Nesi: Baba Salim, usimwambie "alishafariki". Kila ukimwambia, msiba kwake ni mpya. Mwulize mama yake alikuwa anapika nini, msikilize, halafu mpe kazi ya mikono: kuchambua mchele, kukunja kanga. Mara nyingi "nataka kwetu" maana yake njaa, haja imembana, au giza linaingia. Saa kumi na moja na nusu washeni taa, shusheni pazia, zimeni tivii. Vivuli ukutani yeye anaviona ni watu.

Mama Rehema: Haja ndogo hasemi, analoa tu. Nilifikiria kumpunguzia maji.

Mhudumu wa Afya: Usipunguze dada yangu. Maji yakipungua anapata UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) kwa urahisi, choo kinakuwa kigumu, na kuchanganyikiwa kunazidi. Vikombe sita hadi nane kwa siku, vingi kabla ya magharibi, uji na mchuzi vinahesabika. Chooni mpeleke kila baada ya saa mbili bila kungoja aseme, na kabla ya kulala. Akipaliwa anapokunywa, mketishe wima, funda dogo dogo, na asilazwe mpaka nusu saa ipite.

Mama Zuhura: Na usiku halali. Duka la dawa wameshauri Piriton, ile dawa ya mafua na mzio inayosinzisha.

Nesi: HAPANA jamani. Piriton inazuia kemikali ya ubongo ambayo demensia, hasa aina iitwayo Alzheimer, imeshaipunguza. Atasinzia kidogo, ataamka amechanganyikiwa zaidi, mkojo unaweza kuziba, na ataanguka. Valium, dawa ya kutuliza na usingizi, nayo inaangusha wazee. Mtembezeni asubuhi juani nusu saa, usingizi wa mchana uwe mfupi, chai ya majani na kahawa mwisho saa nane mchana.

Nesi: Na hili wote mlishike. Ugonjwa huu kwa kawaida unakwenda kwa miezi na miaka. Bibi akibadilika ndani ya siku moja mbili, akaweweseka au akalala tu haamki vizuri, msiseme "umepanda". Hapo kuna kitu kingine: malaria, UTI, nimonia, choo kufunga, dawa mpya, au alianguka akagonga kichwa. Damu inaweza kuvujia ndani taratibu kwa wiki kadhaa. Hospitali siku hiyohiyo, na mbebe dawa zake zote, za mitishamba pia.

Mwenyekiti wa Kijiwe: Vijana wa bodaboda wanauliza, akitoka nje tufanyeje?

Mhudumu wa Afya: Dakika tano za kwanza ni nyumbani: chooni, stoo, uani. Hayupo, Mama Rehema aweke hapa picha ya leo (ampige picha kila asubuhi akishamvika) na saa aliyoonekana mwisho. Kijiwe mgawane: wawili visimani, mitaroni na kwenye mapagala, mmoja njia ya kwenda alikokuwa akiishi zamani, wengi huelekea huko. Nyumbani abaki mtu. Polisi wapewe taarifa mapema, msingoje kukuche. Ukimwona usimshike mkono wala kumpigia kelele. Tembea naye upande anaokwenda, kisha mzungushe pole pole.

Mwenyekiti wa Kijiwe: Imeeleweka. Namba ya Mama Rehema ishonwe kwenye pindo la dera.

Nesi: Naam. Komeo liwe juu kabisa mlangoni, asikotazama. Lakini asifungiwe ndani peke yake hata dakika moja, moto hauna hodi.

Shangazi Mwajuma: Kuna maneno kisimani. Eti anawaita watu wezi, eti anatembea usiku, mnajua wanachomaanisha.

Mjumbe wa Shina: Shangazi, asante kwa kulisema. Pesa anazificha mwenyewe kisha hakumbuki. Usibishane, tafuta naye: chini ya godoro, kwenye sufuria, ndani ya debe la mchele. Kutembea usiku ni ugonjwa. Mwenye neno la uchawi juu ya Bibi alilete kwangu, tuongee uso kwa uso.

Mhudumu wa Afya: Baadaye tuanze vikao vya kuchangamsha akili kwa wazee wenye tatizo hili. Wilayani Hai, Kilimanjaro, vimeshajaribiwa: vikao 14, viwili kwa wiki, kundi dogo. Vinafunguliwa kwa wimbo, kisha mada moja, kama vyakula au michezo ya utotoni. Hakuna jibu la kukosea.

Mjumbe wa Shina: Tutalipanga. Jumapili bado haina mtu.

Baba Salim: Niandike mimi na mke wangu.

Mama Rehema: Mchele upo, ungo upo. Jumanne karibu Mama Zuhura.